Titi la mama na mbwa: jinsi darasa moja lilivyousoma mshororo wa Shaaban Robert

Karibu kila aliyesoma Kiswahili katika shule za Tanzania na Kenya anaujua mshororo huu: "Titi la mama litamu, hata likiwa la mbwa." Ndio unaofungua shairi la Shaaban Robert la kuisifu lugha ya Kiswahili, na umenukuliwa katika hotuba na maadhimisho ya lugha hata ukaanza kutumika kama methali. Kuzoeleka huko kumetusahaulisha kwamba maneno yaliyomo si ya kukaa pamoja. Shairi ni la sifa, kinachosifiwa ni lugha, lugha imefanywa titi, titi ni la mama, na kabla mshororo haujakwisha mama huyo amewekwa ubavuni mwa mbwa. Asiyeandaliwa hushtuka. Naandika kuhusu mshtuko huo na njia ambazo wasomaji huzipita mpaka wakapata maana, kwa sababu naamini kwamba mara nyingi sisi walimu huwaharakisha wanafunzi kuuvuka, na kwa kufanya hivyo huwanyima sehemu bora ya shairi.

Kisa chenyewe ni cha darasa la kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa mkoani Tanga, mkoa aliozaliwa mshairi mwaka 1909 na alikofia mwaka 1962. Darasani walikuwamo watoto wa mjini waliolelewa katika Uislamu wa pwani, watoto wa Kisambaa walioteremka na wazazi wao kutoka Lushoto, na wachache kutoka familia za wafugaji. Niliuandika ubeti wa kwanza ubaoni bila anwani na bila jina la mtunzi. Mbinu hiyo si yangu: mhakiki Mwingereza I. A. Richards aliitumia pale Cambridge, akawapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi, na mwaka 1929 akachapisha kitabu kuhusu waliyoyasema. Msomaji akijua kwamba shairi ni la mtu mashuhuri, huacha kulihoji na kuanza kulitetea. Wengi darasani walikwisha kusikia nusu ya kwanza ya mshororo, yaani ukwapi wake. Wachache sana walijua kwamba utao wake, yaani nusu ya pili, una mbwa, na hilo halikunishangaza, kwani hata wasemaji wa majukwaani hukatiza kwenye neno "litamu" na kuendelea na mengine.

Nilipomaliza kuandika, binti mmoja wa mjini alinyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Mbwa si najisi? Titi lake litakuwaje tamu?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lake ndilo lililostahili kuja mwanzo, tena lilitoka mahali sahihi. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Katika matusi, "mwana wa mbwa" ni tusi linalomgusa mama moja kwa moja. Kwa hiyo mtunzi, Mwislamu wa pwani aliyekuwa akiwaandikia kwanza watu wa kwao, alichagua mnyama ambaye wasomaji wake wasingeweza kumpita bila kuguswa. Angeweza kusema mbuzi. Angeweza kusema ng'ombe, na titi la ng'ombe lisingemsumbua mtu. Hata titi la mnyama mkali si geni katika Kiswahili, maana iko methali isemayo kwamba titi la nyati hukamuliwa kwa mashaka. Kigeni hapa ni kuunganisha mama, utamu na najisi katika pumzi moja.

Wataalamu wa ubongo wameipima hali ya namna hii. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard walichapisha utafiti uliofanyika Marekani, ambamo watu walisoma sentensi neno baada ya neno, baadhi yake zikimalizikia kwa neno lisiloafikiana na yaliyotangulia. Neno kama hilo liliamsha wimbi maalumu la umeme katika ubongo, lililofikia kilele milisekunde 400 hivi baada ya neno kuonekana, yaani kabla msomaji hajapata nafasi ya kujiuliza lolote. Sidai kwamba utafiti huo unaeleza ushairi. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba kushtuka si ujinga wa msomaji asiyefundishwa. Ni sehemu ya kusoma kwenyewe, na mtunzi aliyeliweka neno "mbwa" mwishoni kabisa mwa mshororo, mahali pa kina, alilipa nafasi ya kushtua kuliko nafasi nyingine yoyote.

Baada ya swali la binti yule, darasa lilianza kutafuta pa kutokea, na njia za kwanza zilizopatikana zinafanana sana na zile nilizozikuta katika madarasa mengine na hata katika maandishi ya watu wazima.

Njia ya kwanza ilikuwa kumlaumu kina. Kijana mmoja hodari wa arudhi, yaani kanuni za utungaji wa mashairi, alisema kwamba mshairi alihitaji neno la kumalizia kwa "-bwa", akamwokota mbwa. Hoja hii inastahili heshima, kwa maana katika shairi la vina kweli yako maneno yaliyoitwa na kina peke yake, na msomaji mwaminifu hana budi kulikubali jambo hilo linapotokea. Lakini tuliukagua ubeti pamoja. Vina vya mwisho ni mbwa, fumbwa, kubwa, zibwa, kisha kinafuata kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, chenye kina chake. Mbwa ndiye wa kwanza. Katika mshororo wa kwanza mtunzi hajafungwa na kina chochote, hivyo angeweza kuanza kwa "-ma", kwa "-ni", au kwa kina kingine chepesi ambacho kingempa maneno tele. Badala yake alijifunga tangu mwanzo kwa kina chenye maneno machache, kisha akalazimika kuitafuta mishororo mingine mitatu iliyokitii. Hapo kina ndicho kilichomfuata mbwa. Kijana yule alihesabu na mizani, yaani silabi: ha-ta-li-ki-wa-la-m-bwa, nane kamili, ile "m" ya mbwa ikihesabiwa peke yake. Akakubali kwamba neno hilo limepangwa.

Njia ya pili ilikuwa ya fumbo. Wanafunzi wetu wamefundishwa kwamba ushairi huficha, kwa hiyo wakikutana na neno la ajabu hulitafutia mtu au kitu kilichojificha nyuma yake. Mmoja alisema mbwa ni mkoloni. Nilimwomba auweke mkoloni huyo ndani ya mshororo na kuusoma tena, naye akaona mwenyewe kwamba unavunjika: titi la mama ni tamu, hata likiwa la mkoloni? Shairi lote lingegeuka kuwa sifa ya lugha ya mtawala. Kuna usomaji wa kifumbo unaofaa, hasa kwa mashairi yaliyotungwa chini ya hofu, lakini fumbo lisilovumilia kurudishwa katika sentensi yake halikutoka katika shairi, limeletwa na msomaji.

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa na miongozo ya mitihani, na ndiyo inayonisikitisha zaidi. Husema kwamba mbwa hapa maana yake ni kitu duni, basi mshororo unasema kuwa lugha yako ni nzuri hata kama ni duni. Si kosa, ila ni ufafanuzi unaomfukuza mbwa nje ya nyumba na kubakiza harufu yake tu. Binti aliyeuliza kuhusu najisi hakujibiwa kwa maelezo hayo, kwa kuwa yeye hakuuliza juu ya uduni. Aliuliza juu ya utamu. Kitu duni chaweza kuwa kitamu bila taabu, lakini kilicho najisi, kwa mtu aliyelelewa kama alivyolelewa yeye, hakiwezi hata kukaribia midomo.

Ndipo tukageukia neno dogo ambalo kila mtu alikuwa amelipita, "hata". Neno hili, likifuatwa na "-ki-", humpeleka msomaji kwenye ukingo wa mwisho wa jambo. Asemaye "nitakuja hata ikinyesha mvua" hasemi kwamba mvua inanyesha, wala hasemi kwamba mvua ni nzuri. Anachagua kikwazo kikubwa kuliko vyote ili kuonyesha kwamba kuja kwake hakutegemei hali ya hewa. Kwa hiyo mtunzi hamwiti mama mbwa, na wale wanaousoma mshororo kama tusi wameiruka sarufi. Mshororo huu huzunguka pia vinywani mwa watu kwa umbo la "lingawa la mbwa", na tofauti si ndogo: "lingawa" hukiri kwamba titi kweli ni la mbwa, ilhali "hata likiwa" hulisimamisha kama jambo la kudhania tu. Isitoshe, "lingawa la mbwa" ina mizani sita na haiwezi kuujaza utao wa mizani nane. Umbo lililomo katika shairi ndilo linalompa msomaji nafasi ya kufikiri bila kulazimishwa kukubali.

Tazama basi kinachotokea. Ili "hata" ifanye kazi, mbwa lazima abaki mbwa, na najisi ibaki najisi. Msomaji akiulegeza mwisho ule kwa kumgeuza mbwa kuwa "kitu duni", anailegeza hoja nzima, kama anayeondoa jiwe kwenye mizani halafu akashangaa kwamba upande wa pili haupandi. Binti yule, kwa kukataa kwake, alikuwa anausoma mshororo kwa ukamilifu kuliko mwongozo wa mitihani. Alichokuwa hajakipata ni jibu la swali lake mwenyewe: tamu kwa nani?

Jibu lilitoka kwa kijana wa familia ya wafugaji, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno. Alisema taratibu, "Mbwa wetu wa zizini akizaa, wale watoto macho yao hayajafumbuka, lakini titi wanalijua. Hawaulizi." Binti akamgeukia: "Kwa hiyo si mimi ninayenyonya?" Akamjibu, "Wewe una mama yako."

Kwa maneno hayo machache mshororo uligeuka mbele ya darasa zima. Tangu mwanzo kila mmoja alikuwa amejiweka yeye mwenyewe kwenye titi la mbwa, ndiyo maana wote walikunja nyuso. Lakini mama wa mshororo huu ana mwana wake, na utamu unaozungumzwa ni ule unaojulikana na mwana huyo. Hapo utamu huacha kuwa sifa ya maziwa, kama rangi au uzito, ukawa uhusiano kati ya anayenyonyesha na anayenyonya. Mtu wa nje anayesema titi la mbwa ni uchafu anasema kweli kwa upande wake, na mwana wa mbwa anayeliona tamu anasema kweli kwa upande wake pia. Hata lile tusi la mitaani hubadilika uso, maana mwana wa mbwa ndiye shahidi pekee anayeweza kutoa ushuhuda. Abdul Qahir al-Jurjani, mtaalamu wa balagha, yaani ufasaha wa lugha, wa karne ya 11, aliyeandika juu ya istiara na tashbihi, yaani namna za kufananisha vitu, kwa kina ambacho wachache wamekifikia baada yake, alishikilia kwamba kadiri vitu viwili vinavyokuwa mbali, ndivyo kukutana kwao kunavyoifurahisha nafsi, mradi uhusiano uliogunduliwa kati yao uwe wa kweli. Mama na najisi ni mbali sana. Uhusiano aliouona yule kijana ni wa kweli, na mtu yeyote aliyewahi kuwatazama watoto wa mbwa anaweza kuuthibitisha.

Usomaji mzuri wa mshororo wa kwanza sharti pia uwasaidie wasomaji katika mishororo inayofuata, la sivyo ni bahati tu. Mtunzi anaendelea: "Kiswahili naazimu, sifayo iliyofumbwa." Sifa kufumbwa ni muungano mwingine usio wa kawaida, kwani tumezoea kufumba macho, mdomo au kiganja. Halafu anaiambia lugha: "Toka kama chemchemu, furika palipozibwa." Wanafunzi waliona wenyewe kwamba ubeti mzima unazungumzia kitu kilichomo ndani kinachotaka kutoka: maziwa katika titi, sifa iliyofungiwa, maji yaliyozibwa. Kina kile kile kilichoanzishwa na mbwa ndicho kinachoyaunganisha maneno ya kufungiwa, "fumbwa" na "zibwa", vyote viwili vitenzi vya kutendwa visivyotaja mtendaji.

Nani aliyefumba, na nani aliyeziba? Shairi halisemi, na sikuwalazimisha wanafunzi waseme. Niliwapa historia kidogo tu. Waingereza waliotawala Tanganyika waliitambua lugha hii na kuitumia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ya kuusimamia usanifu huo. Hata hivyo ngazi ya juu, ya elimu na ya cheo, ilikuwa ya Kiingereza. Shaaban Robert aliijua ngazi hiyo kutoka chini yake, maana alifanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi. Lugha inayotumika kila mahali na kuheshimiwa mahali pachache ndiyo inayomhitaji mtetezi wa aina hii, ambaye hajaribu kuthibitisha kwamba lugha yake ina cheo, bali anaanza kwa kukubali kishindo kibaya kabisa kinachoweza kurushwa dhidi yake na kuonyesha kwamba hakigusi anachokipenda. Kama angesema titi la malkia, angekuwa ameingia katika shindano la vyeo.

Hapo lilizuka swali gumu kuliko yote, nalo lililetwa na msichana wa Lushoto. Mama yake, alisema, alimbembeleza kwa Kisambaa. Kiswahili alikutana nacho alipoteremka mjini. "Basi titi la mama yangu ni lipi?" Shairi linataja Kiswahili waziwazi, lakini mshororo wa kwanza, ukichukuliwa kama tulivyouchukua, unampa yeye haki kamili ya kuitaja lugha nyingine. Kituo kinakaza zaidi, maana kinasema "jingine halishi hamu", yaani titi jingine haliikati kiu. Kwa mamilioni ya wasomaji wa leo, kutoka Usukumani hadi Kivu, Kiswahili ndicho hilo jingine. Mtunzi mwenyewe alikuwa na asili ya Kiyao kwa wazazi wake, naye akajiita Mswahili na kukiita Kiswahili lugha yake ya utoto katika ubeti wa pili wa shairi hili hili.

Sikuwa na sababu ya kulizima swali lile. Maoni yangu, niliyoyasema darasani na ninayoyarudia hapa, ni kwamba mshororo una nguvu kuliko shairi lililoubeba. Mara tu utamu ulipofanywa uhusiano kati ya mama na mwana, hauwezi tena kufungwa kwenye lugha moja, na msichana wa Lushoto anapouhamishia kwenye Kisambaa hapotoshi chochote, anautii kikamilifu. Wapo watakaosema kwamba hivyo ni kulinyang'anya shairi kusudi lake. Mimi naona ni kulipa heshima inayolistahili, kwa kuwa shairi lililoweza kumtumia mbwa kwa uaminifu namna ile haliogopi titi la jirani. Kijana mmoja alipendekeza kwamba mtoto aliyenyonyeshwa na mama wawili huwajua wote wawili, na kwamba "jingine" la kituo ni lile ambalo mtoto hakulinyonya kamwe. Ni pendekezo zuri, na maneno ya kituo yanalikubali.

Mwishoni mwa kipindi niliwapa mshororo mmoja kutoka ubeti wa pili ili nione kama njia tuliyoipita ingewafaa bila mimi: "Ni sawa na manukato, moyoni mwangu na pua." Lugha imekuwa harufu nzuri, nayo inakaa moyoni na puani kwa pamoja. Waliuliza maswali yao wenyewe. Je, ni kina? Safari hii jibu lilikuwa tofauti, kwa maana vina vya "nimekua" na "najua" vimetangulia na "pua" imewafuata. Huenda basi kina kiliiita. Yule hodari wa arudhi alifurahi kuona kipimo chake kimepata pa kufanya kazi. Kwa nani? Kwa msemaji peke yake, "moyoni mwangu". Na mbona moyo umetangulia pua, wakati harufu huingilia puani kwanza? Hapo walitofautiana, wengine wakisema ni mizani, wengine wakisema kwamba mtu aliyeizoea lugha tangu utotoni huihisi moyoni kabla hajaitambua kwa viungo. Binti wa swali la kwanza alikuwa amerudi kwenye ubeti wa kwanza. Alitaka kujua kama mshairi aliyaleta manukato kwa makusudi baada ya mbwa, akaandika daftarini mwake kwamba ubeti mmoja umeanza kwa kinachomfanya mtu azibe pua, na mwingine una kinachomfanya aifungue.

Sijui mwongozo wowote wa mitihani ungempa alama ngapi kwa sentensi hiyo. Mimi nilimpa zote.